Tende au Kahawa: Kuchagua kati ya Khamrah na Khamrah Qahwa

Khamrah na Khamrah Qahwa ni pafyumu mbili za kampuni ya Lattafa ya Falme za Kiarabu. Ya kwanza ilitoka mwaka 2022, ya pili mwaka 2023, na zote huuzwa katika chupa nzito za mililita 100 zenye umbo moja. Zote ni za kundi la harufu za joto na tamu. Ni dada wa tumbo moja, na ugumu wa kuchagua unaanzia hapo. Mnunuzi wa Tandika au Tegeta, Dar es Salaam, mwenye fedha ya chupa moja husimama mbele ya kabati la vioo akaambiwa kwamba zote zinakaa, zote zinatoka sana, achukue yoyote. Maneno hayo si ya uongo, ila hayamsaidii mtu kuamua. Jibu limo zaidi katika saa ambayo pafyumu itavaliwa na mahali itakapopelekwa, kuliko katika chupa yenyewe.

Majina yanatoa fununu. Qahwa ni kahawa tu, kwa matamshi ya Kiarabu. Khamrah limetokana na khamr, yaani kileo, na mzizi wake ndio uleule uliokipa Kiswahili neno hamira, maana vyote viwili ni mambo ya kuchachua. Anayeifungua chupa hakutani na harufu ya kilabu cha pombe, ingawa ndani ya utamu wake kuna kitu kama tunda lililoiva likapitiliza kidogo. Wapo wanunuzi Waislamu wanaosita kwa sababu ya jina, na wengine kwa sababu ya spiriti iliyomo karibu katika kila pafyumu ya kupuliza, iwe ya kampuni hii au ya nyingine. Suala hilo la pili lina njia yake, nayo ni ya kale kuliko chupa za kupuliza, itaelezwa mbele.

Khamrah hufungua kwa mdalasini na kungumanga, pamoja na bergamoti, tunda la jamii ya michungwa ambalo mafuta ya ganda lake ndiyo yanayoipa chai ya Earl Grey harufu yake. Bergamoti hiyo haikai. Baada ya dakika chache huja tende, na hiyo ndiyo roho ya pafyumu hii. Si tende kavu ya kutafuna, ni tende iliyopondwa ikawa rojo, ikakutana na pralini, yaani lozi au njugu zilizovingirishwa katika sukari ya kuungua. Aliyewahi kusimama karibu na sufuria ya kashata wakati sukari inabadilika rangi anaijua harufu hiyo hata kama neno pralini hajawahi kulisikia. Kwa mbali lipo ua jeupe la tuberosi. Chini kabisa hukaa vanila, mbegu za tonka, manemane na utomvu wa benzoini.

Khamrah Qahwa huanza na mdalasini uleule, lakini mahali pa kungumanga pamekaa iliki na tangawizi. Kwa pua ya pwani badiliko hilo ni kubwa. Kungumanga huelekea kwenye keki. Iliki na tangawizi huelekea kwenye birika. Katikati kuna pralini tena na matunda yaliyokolezwa sukari, na chini kuna kahawa, vanila, tonka, benzoini na miski. Anayetarajia kahawa chungu ya kijiweni, ile inayomiminwa kutoka birika lililokaa juu ya mkaa huku muuzaji akigonganisha vikombe, atavunjika moyo. Kahawa iliyomo ni ya maziwa na sukari nyingi, na watu wengi huisikia iliki kabla ya kuisikia kahawa yenyewe. Hata hivyo uchungu mdogo uliomo unatosha kuukata utamu, kama vile funda la kahawa linavyoukata utamu wa kashata. Kazi hiyo ya kukata ndiyo tofauti kuu kati ya chupa hizi mbili, na kila uamuzi unaofuata unarudi kwayo.

Baada ya saa mbili au tatu mwilini tofauti hupungua sana. Viungo vimekwisha kuruka, tende imefifia, iliki imekwenda zake, na kinachobaki kwenye ngozi ni vanila, tonka na benzoini, ambazo pafyumu zote mbili zinazo. Jioni, shati lililopuliziwa Khamrah na shati lililopuliziwa Qahwa hukaribiana kiasi kwamba pua isiyozoea haiwezi kuyatenga. Kwa hiyo anayenunua chupa zote mbili kwa kudhani anapata harufu mbili mpya, kwa kweli hununua saa mbili za mwanzo tu. Fedha ya chupa ya pili ingefaa zaidi kwa kitu cha ukoo mwingine kabisa, cha ndimu au cha maji, kwa ajili ya siku za joto kali.

Neno jingine linalochanganya wanunuzi ni amba, linalobandikwa karibu kila pafyumu ya aina hii. Kiswahili kina maneno mawili yaliyo karibu nalo, na hakuna kati yao linaloingia ndani ya chupa hizi. Ambari ni kitu kinachotoka tumboni mwa nyangumi, hutupwa ufukweni na bahari, na kwa karne nyingi kilikuwa bidhaa ya thamani katika biashara ya pwani hii. Kaharabu ni utomvu wa miti ya kale uliogeuka kuwa kama jiwe, hutungwa tasbihi na shanga, na wenyewe karibu haunukii. Amba ya pafyumu za leo ni mchanganyiko uliobuniwa, hasa wa vanila, benzoini na labdani, utomvu wa kichaka kinachoota nchi za Mediterania. Anayesoma amba kwenye boksi aelewe kwamba ameahidiwa joto la utomvu na sukari. Nyangumi hayumo.

Utamu wenyewe una historia inayogusa visiwa vya karibu. Mwaka 1874 wanakemia wa Ujerumani Ferdinand Tiemann na Wilhelm Haarmann walifanikiwa kutengeneza vanilini, kemikali inayobeba sehemu kubwa ya harufu ya vanila, bila kutumia maganda ya vanila. Baadaye kwa miongo kadhaa vanilini ilitengenezwa kutokana na yujenoli, kiini cha mafuta ya karafuu; yaani zao la Unguja na Pemba lilikuwa mama wa utamu wa pafyumu za Ulaya kabla viwanda havijapata malighafi ya bei nafuu zaidi kutoka kwenye miti ya mbao. Hadi leo Kiwanda cha Makonyo cha Wawi, Pemba, hukamua mafuta kutokana na vikonyo vya karafuu. Mwaka 1925 nyumba ya Guerlain ya Paris ilitoa Shalimar, iliyoegemea vanila, na mwaka 1992 Thierry Mugler alitoa Angel, iliyotiwa kemikali yenye harufu ya sukari ya kuungua. Angel ndiyo iliyofungua mlango wa pafyumu zinazonukia kama chakula. Miaka 28 baadaye Kilian ya Paris ikatoa Angels' Share, ya mdalasini, pralini na brandi, na wapenzi wa manukato mara nyingi huitaja Khamrah kama njia ya kuukaribia ukoo huo kwa sehemu ndogo ya bei yake.

Historia hiyo ina faida moja kwa mnunuzi. Vanila halisi, ile inayolimwa Kagera na Madagaska na kuchavushwa ua kwa ua kwa mkono, ni ghali mno kujaza chupa za bei hizi. Iliyomo ni vanilini ya kiwandani hasa, na si aibu. Molekuli zake haziruki upesi, na ndiyo sababu pafyumu tamu hukaa kuliko za ndimu. Muuzaji anapotaja kukaa kama ushahidi wa ubora, anasifia tabia hiyo ya vanilini tu. Pafyumu ya ovyo iliyojaa vanilini nayo itakaa mpaka kesho.

Pafyumu husikika kwa sababu inaruka, na joto huirusha. Dar es Salaam kati ya Desemba na Machi, wakati wa kaskazi, joto la mchana hufika karibu nyuzi 32 na hewa hujaa unyevu wa bahari. Hapo vitu viwili hutokea kwa pamoja. Viungo vya mwanzo huruka upesi, kwa hiyo mdalasini ambao ungedumu nusu saa penye ubaridi huisha wakati mtu bado yuko kituoni. Halafu utamu wa chini, ambao ulipaswa kutoka taratibu, hutoka wote kwa mkupuo na kuelea katika hewa isiyokwenda. Wakati wa kipupwe, Juni hadi Agosti, usiku hushuka hadi karibu nyuzi 19, upepo wa kusi huvuma, na pafyumu ileile hufunguka hatua kwa hatua kama ilivyokusudiwa.

Kiswahili hutenganisha kunukia na kunuka kwa silabi moja, na pafyumu tamu hukaa karibu sana na mpaka huo. Mtu aliyejipulizia Khamrah mara sita saa kumi na mbili asubuhi akapanda daladala ya Rangi Tatu kwenda Kariakoo, Barabara ya Kilwa ikiwa imefungana, atakuwa amevuka mpaka kabla ya kufika Mtongani. Jasho lina chumvi na harufu yake, na sukari haifichi jasho, huchanganyika nalo. Abiria wa jirani mwenye pumu, au mjamzito katika miezi ya mwanzo, hana dirisha la kukimbilia. Mwenye pafyumu mwenyewe hajui kitu, kwa sababu pua humzoea mwenyeji wake: baada ya nusu saa ubongo huacha kuitangaza harufu isiyobadilika. Hapo ndipo watu hudhani imekata, wakajipulizia tena.

Kwa hiyo anayetaka chupa ya kazini, chuoni na safarini, na anayeishi mbali na mjini, afikirie Qahwa kwanza. Iliki na tangawizi ni harufu kavu kidogo, huingiza hewa ndani ya utamu, na jirani wa kwenye kiti huzipokea zaidi kama harufu ya chai ya maziwa kuliko ya halua. Mpulizo mmoja kifuani chini ya nguo hutosha kwa siku ya kaskazi. Miwili katika kipupwe. Hata hivyo Qahwa nayo si ya mchana wa Februari juani. Kwa mtu wa kazi za nje, fundi, mwendesha bodaboda au muuza mboga wa gengeni, ushauri wa kweli ni kuziacha zote mbili hadi jioni.

Khamrah ni ya usiku, na ya mahali palipopangwa. Ukumbi wa harusi wenye kiyoyozi ni nyumbani kwake, kwa kuwa ubaridi huizuia isitoke kwa fujo, na tende yake husikika mtu anapoinama kusalimia, si anapopita mlangoni. Usiku wa Idd, ziara ya ukweni baada ya magharibi, sendofu ya Mikocheni, kikao cha familia wakati wa kipupwe: hapo Qahwa inaweza kuonekana nyepesi kidogo, na Khamrah ikakaa kama nguo ya kitenge kizito. Kwa shughuli ya uani chini ya turubai, yenye ngoma, kucheza na mvuke wa pilau, Khamrah hubadilika kuwa nzito, na anayejua atacheza ni heri apulize mara moja au achague Qahwa. Kuhusu jinsia, zote mbili zinauzwa kwa wanaume na wanawake, na madai ya wauzaji kwamba moja ni ya kike hayana msingi ndani ya chupa.

Uchaguzi huo wa kimawazo unatakiwa kuthibitishwa na ngozi. Kupima pafyumu kwenye duka la kawaida la Dar es Salaam kuna kikwazo ambacho vitabu vya Ulaya havikitaji: dukani mara nyingi udi unafuka, na mlango wa pili pana mtu anakaanga chipsi. Pua iliyojaa moshi wa udi haiwezi kuhukumu vanila. Inafaa kupuliza ndani na kunusa nje, mbali na karai la mafuta. Siku hiyo mpimaji asijipake losheni yenye harufu wala asivae nguo iliyofukizwa. Kipande cha karatasi kitumike kwa utangulizi tu, maana karatasi haina joto wala jasho, na juu ya karatasi Khamrah huonekana ya kistaarabu kuliko ilivyo.

Njia ya uhakika ni kupulizia Khamrah kifundo cha mkono wa kushoto na Qahwa cha kulia, bila kusugua, kisha kuondoka. Mtu azunguke sokoni, anunue nyanya, apande bajaji, arudi nyumbani. Anuse baada ya dakika 10, baada ya saa moja, na baada ya saa nne. Dakika 10 za kwanza ndizo zinazouza chupa nyingi, na ndizo zenye thamani ndogo kuliko zote. Saa moja huonyesha iwapo tende inageuka kuwa rojo zito kwenye ngozi hiyo au inabaki tamu safi. Huonyesha pia kama iliki ya Qahwa imekimbia na kuacha sukari peke yake, jambo linalotokea kwenye ngozi kavu sana. Maoni yaombwe kwa mtu wa nyumbani ambaye hakuwepo dukani na hajaambiwa mkono upi ni upi. Muuzaji hahesabiki.

Baadhi ya maduka huweka punje za kahawa kaunta ili mteja anuse na kusafisha pua kati ya pafyumu na pafyumu. Hazisafishi kitu, na kwa anayelinganisha Qahwa na ndugu yake ni kujiharibia kabisa. Kunusa kiwiko chake mwenyewe au kutoka nje kupumua hewa hufanya kazi bora. Zaidi ya pafyumu tatu kwa siku pua huchoka, na yule anayepuliziwa nane mfululizo ananunua ya mwisho kwa uchovu.

Ngozi yenye mafuta hushika harufu kuliko ngozi kavu. Baada ya kuoga, mafuta mazito yasiyo na harufu yakipakwa kidogo mahali patakapopulizwa huongeza muda. Mafuta ya nazi yanahitaji tahadhari, kwa sababu yenyewe yana utamu: juu yake Khamrah hunukia visheti, na kuna wanaoipenda hivyo, lakini kwa ukumbini inazidi. Qahwa huvumilia nazi vizuri zaidi. Mwenye ngozi inayowasha kirahisi akumbuke kwamba mdalasini ni miongoni mwa viungo vinavyoweza kuleta mzio; apime eneo dogo na angoje siku moja kabla ya kununua.

Nguo hushika pafyumu kuliko ngozi, lakini vimiminika vya aina hii vina rangi ya hudhurungi, na vanilini huzidi kuwa nyeusi inapokutana na hewa. Kanzu nyeupe iliyopulizwa kwa karibu huonyesha madoa ya manjano, mengine baada ya wiki, ikiwa imekwisha kukunjwa kabatini. Kwenye kanzu, gauni jeupe la ubatizo au hariri, pafyumu ipulizwe kwenye fulana ya ndani au kwenye ngozi, ikauke, ndipo nguo ivaliwe. Khanga, kitenge na baibui jeusi havina tatizo hilo.

Katika nyumba za Mbagala na Magomeni ambako nguo hufukizwa, pafyumu hizi hukutana na chetezo. Udi mzito hukaa vizuri na Khamrah, kwa kuwa moshi wake hukausha tende. Ubani, wenye ukali wa ndimu kidogo, hupatana zaidi na iliki ya Qahwa. Utaratibu ni muhimu kuliko mchanganyiko: nguo zifukizwe kwanza, zipoe, kisha mtu avae na kujipulizia mbali na mkaa. Spiriti inashika moto. Kujipulizia ukiwa umesimama juu ya chetezo, au jikoni kando ya jiko linalowaka, ni kosa linaloweza kumalizikia hospitali.

Kwa asiyetaka spiriti, uturi upo. Mafuta ya manukato yamekuwa yakipimwa kwa tola pwani nzima muda mrefu kabla ya chupa za kupuliza kuingia, tola moja ikiwa gramu 11.66, na maduka mengi ya Kariakoo na Temeke huuza mafuta ya kupima yanayoiga pafyumu maarufu, zikiwemo hizi mbili. Hayatoki kwa Lattafa, ni uigaji wa waliochanganya, na ubora wake hutofautiana duka kwa duka. Lakini kuna jambo ambalo mnunuzi anaweza kulitegemea: mafuta hayaruki kama spiriti, kwa hiyo huua harufu za mwanzo na kuhifadhi za chini. Uigaji wa Khamrah, ambayo nguvu yake iko chini, hutoka vizuri ndani ya mafuta. Uigaji wa Qahwa hupoteza iliki, na bila iliki hakuna sababu ya kuichagua Qahwa. Anayenunua mafuta basi amekwisha kuchaguliwa: ni Khamrah.

Umaarufu umeleta feki. Nambari ya toleo iliyopigwa chini ya boksi inatakiwa kulingana na ile iliyo kwenye chupa, na ikikosekana mahali pamoja au zikipishana, chupa irudi kabatini. Maandishi ya boksi yawe makali, bila wino uliotapakaa wala herufi iliyokosewa. Mpulizo wa kweli hutoka kama ukungu mpana; feki nyingi hutema matone. Rangi peke yake si ushahidi, kwa kuwa chupa ya kweli iliyokaa huwa nyeusi kuliko iliyoingia juzi. Kwa kuwa chupa hizi mbili zina umbo moja, asiyesoma jina hadi mwisho anaweza kufika nyumbani na ile ambayo hakuipima. Risiti ya EFD idaiwe. Bidhaa bandia ziko chini ya Tume ya Ushindani, FCC, kwa Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963, na usalama wa vipodozi uko kwa Shirika la Viwango Tanzania, TBS, tangu kazi hiyo ilipohamishwa kutoka Mamlaka ya Chakula na Dawa, TFDA, mwaka 2019. Malalamiko yasiyo na risiti hayafiki mbali katika ofisi yoyote kati ya hizo.

Hesabu ya matumizi nayo husaidia kutuliza papara. Mpulizo mmoja ni karibu sehemu moja ya kumi ya mililita, kwa hiyo chupa ya mililita 100 ina mipulizo kama 1,000. Mtu wa mipulizo miwili kwa siku ana chupa ya siku 500, zaidi ya mwaka mmoja na miezi minne. Chupa hiyo itapita kaskazi nzima na kipupwe kizima, na ndiyo sababu kuichagua kwa ajili ya harusi moja ya Jumamosi ni kujinyima. Ndugu wawili wa nyumba moja wanaweza kununua moja kila mmoja na kubadilishana kwa msimu. Vichupa vidogo vya mililita 5 au 10 vinavyojazwa kutoka chupa kubwa ni njia nzuri ya kuishi na pafyumu mwezi mmoja kabla ya kuamua, mradi vijazwe mbele ya mteja.

Chupa ya kudumu hivyo inahitaji mahali pazuri pa kukaa. Nyumba ya bati bila dari hupata joto kali adhuhuri, na pafyumu huzeeka kwa joto na mwanga. Mahali pazuri ni ndani ya boksi lake, chini kabisa ya kabati la nguo, mbali na ukuta unaopigwa na jua la mchana. Juu ya kabati, karibu na bati, ni mahali pabaya kuliko pote, na dirishani au kwenye gari lililoegeshwa juani hapapishani napo. Rangi itazidi kukolea miezi ikipita, nayo haina madhara. Dalili ya kuangalia ni mwanzo wa harufu: ikianza kutoa ukali wa siki au wa kiondoa rangi ya kucha, ipulizwe kwenye kitambaa, ingojewe dakika 10, na kama vanila ya chini bado ni safi chupa inaendelea kutumika, ila kwa kujipulizia robo saa kabla ya kutoka nyumbani.